Sawchuk na Plante: Kipa aliyeshonwa nyuzi 400 usoni, na mwenzake aliyekataa kushonwa tena

Mei 1970. Makipa wawili ambao wengi wanawaweka juu kabisa kwenye historia ya mpira wa magongo wa barafuni wamelazwa hospitali kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye mji wake.

Wa kwanza ni Jacques Plante, miaka 41. Yupo St. Louis, Marekani. Kwenye mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Boston, shuti limempiga kwenye paji la uso akazimia palepale. Barakoa yake imepasuka, lakini kichwa kimebaki kizima.

Wa pili ni Terry Sawchuk, miaka 40. Yeye yupo New York, na hakuumia uwanjani. Kaumia nyumbani, baada ya kukunjana mashati na mchezaji mwenzake.

Plante alitoka hospitali na akaendelea kudaka kwa miaka mingine. Sawchuk hakutoka.

Mpaka leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, mashabiki wa mchezo huu wanabishana nani alikuwa mkali zaidi kati yao. Ni ubishi mtamu. Ila ukiusikiliza vizuri, hauishii kwenye takwimu. Unakwenda mpaka kwenye swali la bei: kipa analipa nini ili aitwe mkubwa?

Kwanza, elewa kazi yenyewe

Kwa wengi wetu mchezo huu tunauona kwenye simu tu, kwa hiyo twende taratibu.

Wachezaji wanateleza juu ya barafu, wana magongo mkononi, wanapiga kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kisahani hicho kina uzito wa karibu gramu 170. Kikipigwa na mtu mwenye nguvu kinaweza kupita kasi ya kilomita 160 kwa saa. Yaani gari liko barabara kuu linakimbia, na wewe unatakiwa ulizuie kwa mwili.

Sasa fikiria hivi: miaka ya 1950 makipa walikuwa wanafanya kazi hiyo uso mtupu. Miguuni pedi nene, kifuani kinga, mikononi glavu. Usoni hakuna kitu.

Halafu hakukuwa na kipa wa akiba benchi. Ligi kuu ya NHL ilikuwa na timu sita tu: Montreal, Toronto, Detroit, Boston, New York na Chicago. Kipa akipasuka, mechi inasimama, anapelekwa chumbani, anashonwa, anarudi golini. Mchezo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nafasi za kazi zilikuwa sita dunia nzima. Ukilalamika maumivu, kuna kijana ligi ya chini anasubiri kiti chako. Ndiyo maana hakuna aliyelalamika.

Mtoto wa Winnipeg na pedi za marehemu kaka

Terry Sawchuk alizaliwa Desemba 28, 1929, mjini Winnipeg, Kanada, kwenye familia yenye asili ya Ukraine. Baba yake alikuwa fundi bati. Maisha yalikuwa ya kubana.

Kaka yake, Mike, alikuwa kipa. Terry alimpenda sana. Mike akafariki kwa tatizo la moyo akiwa na miaka 17, wakati huo Terry ana miaka 10. Pedi za kaka zikabaki nyumbani, mdogo mtu akazirithi. Huo ndio mwanzo wa kipa Terry Sawchuk: alivaa vifaa vya marehemu.

Akiwa na miaka 12 aliumia kiwiko cha mkono wa kulia kwenye mchezo mwingine. Aliogopa kusema nyumbani, akaficha. Mfupa ukajiunga vibaya. Mkono huo ukabaki mfupi kuliko wa kushoto na haukunyooka sawasawa maisha yake yote. Baadaye madaktari walimfanyia operesheni zaidi ya mara moja, wakatoa vipande vingi vya mfupa kwenye kiwiko hicho hicho.

Siku aliyotimiza miaka 18, akiwa anacheza ligi ya chini, gongo la mpinzani lilimpiga jichoni. Ilibaki kidogo jicho litolewe. Daktari mmoja akafanikiwa kulishona na kuliokoa. Sawchuk alirudi golini msimu huo huo na akamaliza kwa kuchaguliwa mchezaji bora chipukizi wa ligi hiyo.

Hapo ndipo alipojifunza somo ambalo baadaye lilimmaliza: maumivu unayameza, unarudi kazini.

Mtoto wa Quebec aliyefuma kofia zake mwenyewe

Jacques Plante alizaliwa Januari 17, 1929, mkoa wa Quebec, upande wa Kanada unaozungumza Kifaransa. Kwao walikuwa watoto 11 na yeye ndiye mkubwa. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Na huko nako pesa ilikuwa ya mawazo.

Plante alikuwa na pumu. Kuteleza kwa muda mrefu kulimchosha, pumzi zinakata. Akaona bora akae golini, sehemu ambayo hakimbii sana. Kwa hiyo kipa huyu ni zao la ugonjwa.

Mama yake alimfundisha kufuma. Akawa anafuma kofia za sufu mwenyewe, na hata alipokuwa staa wa Montreal aliendelea kufuma akiwa safarini. Wachezaji wenzake walikuwa wanacheza karata, yeye yuko kona na sindano zake na uzi.

Walimwona mtu wa ajabu. Hakuwa mtu wa makundi. Alijipenda, alijisifu, na alipenda kuwaeleza watu kwa nini kafungwa bao fulani na kwa nini kosa si lake. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho wengi hawakuwa nacho. Alikuwa anaiwaza kazi yake kama mhandisi anavyowaza daraja: kwa nini hivi, kwa nini isiwe vile?

Miaka mitano ya moto

Sawchuk ndiye aliyetangulia kulipuka. Januari 1950 Detroit Red Wings walimpandisha kwa muda baada ya kipa wao, Harry Lumley, kuumia. Alicheza mechi saba tu. Detroit wakabeba ubingwa msimu huo wakiwa na Lumley, halafu wakamuuza Lumley. Fikiria, unamuuza kipa wa ubingwa kwa sababu ya kijana wa mechi saba.

Hawakujuta. Msimu wa 1950-51 Sawchuk alicheza mechi zote 70, akashinda 44, na mechi 11 akamaliza bila kufungwa. Akapewa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa ligi.

Akaendelea. Kwa misimu mitano mfululizo, mpaka 1955, wastani wake wa kufungwa ulikuwa chini ya mabao mawili kwa mechi. Katika misimu hiyo mitano alikusanya mechi 56 bila kufungwa. Detroit wakabeba Kombe la Stanley mwaka 1952, 1954 na 1955.

Mwaka 1952 ndio watu hawausahau. Kwenye hatua ya mtoano Detroit walicheza mechi nane, wakashinda zote nane. Sawchuk alifungwa mabao matano tu, na mechi nne alitoka bila kufungwa. Hizo nne zote zilikuwa nyumbani, yaani mashabiki wa Detroit hawakuona bao hata moja la mgeni kwenye mtoano mzima. Mwaka huo huo mashabiki wawili wauza samaki walirusha pweza uwanjani, mikono minane kwa ushindi nane uliohitajika kubeba kombe. Mpaka leo Detroit wanarusha pweza.

Staili yake nayo ilikuwa mpya. Makipa wengi walidaka wakiwa wamesimama wima. Sawchuk alijikunja, mgongo umepinda, uso uko chini karibu na magoti ili akione kisahani kati ya msitu wa miguu. Alikuwa anaona vizuri kuliko wote. Lakini uso wake nao ulikuwa pale pale shuti linapopita.

Mwaka 1966 jarida la Life lilimpiga picha ambayo ilitisha watu. Msanii wa vipodozi alichora juu ya uso wake makovu na nyuzi zote alizowahi kushonwa kwa miaka. Zilikuwa zaidi ya 400. Anaonekana kama mtu aliyetoka kwenye filamu ya kutisha, na ni uso wa mtu aliyekuwa anaenda kazini tu.

Aliyetoka golini kwake

Plante alipata nafasi Montreal Canadiens msimu wa 1952-53, kwanza kwa kuazimwa mechi tatu, halafu akapewa mechi za mtoano na kuonja ubingwa wa 1953. Msimu wa 1954-55 ndipo akawa kipa namba moja.

Mwisho wa msimu huo, fainali ikawa Detroit na Montreal, Sawchuk upande mmoja na Plante upande mwingine. Ilikwenda mpaka mechi ya saba. Sawchuk akashinda. Montreal walicheza bila mfungaji wao hatari, Maurice Richard, aliyekuwa amefungiwa.

Baada ya hapo upepo ukageuka. Kuanzia 1956 mpaka 1960 Montreal walibeba kombe miaka mitano mfululizo, rekodi ambayo hakuna timu nyingine ya ligi hiyo imewahi kuifikia. Golini miaka yote mitano ni Plante. Na miaka yote mitano tuzo ya Vezina, ambayo zama hizo ilikwenda kwa kipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi, ilikuwa yake.

Wabishi wanasema alikuwa na timu nzuri mbele yake. Kweli, alikuwa na Richard, Jean Béliveau, beki Doug Harvey na Bernard Geoffrion. Timu ya kutisha. Lakini angalia alichokuwa anafanya yeye.

Zamani kipa hakutoka golini. Plante alitoka. Kisahani kikipita nyuma ya goli, anakifuata, anakituliza, anampasia beki wake. Anapiga kelele kuwaelekeza mabeki. Anainua mkono kuwaonyesha kwamba kisahani kinavuka mstari wa mwisho, wakiache kipite. Leo kila kipa anafanya hivyo. Wakati ule makocha walishika vichwa.

Ukitazama makipa wa soka wa siku hizi wanaocheza kwa miguu na kutoka nje ya boksi, unaelewa Plante alikuwa anafikiria nini.

Usiku wa Novemba 1, 1959

Tarehe hii iweke kichwani, maana ndiyo inayowatenganisha hawa wawili.

Montreal walikuwa New York, ukumbi wa Madison Square Garden. Dakika za mwanzo kabisa, Andy Bathgate wa New York akaachia shuti, likampata Plante usoni. Damu kila mahali. Akatolewa, akashonwa nyuzi saba. Mechi imesimama karibu dakika 20, watu wanasubiri.

Plante alikuwa na barakoa ya nyuzi za kioo aliyokuwa akiitumia mazoezini. Mwenye wazo ni bwana mmoja, Bill Burchmore, aliyefanya kazi kampuni ya bidhaa hizo. Alimwona Plante anaumia kwenye mechi ya mwaka 1958, akamwandikia kwamba anaweza kumtengenezea kinga inayokaa sawasawa na uso wake. Wakamtengenezea kwa kuchukua umbo la uso wenyewe.

Kocha wa Montreal, Toe Blake, hakuitaka barakoa hiyo kwenye mechi. Aliamini itamzuia kuona kisahani kikiwa miguuni. Pia kulikuwa na jambo la aibu: kipa anayejifunika uso ataonekana muoga.

Usiku ule Plante alimwambia kocha jambo moja: bila barakoa, harudi uwanjani. Na kipa mwingine hakuna.

Hapa kuna kitu cha kuelewa. Plante hakuwa mtu asiyejua maumivu. Mifupa ya mashavu yake yote mawili ilishavunjika, pua ilishavunjika zaidi ya mara moja. Alikuwa ameshalipa sana. Alichokataa ni kuendelea kulipa bila sababu.

Blake akakubali kwa shingo upande. Montreal wakashinda 3-1. Makubaliano yalikuwa kwamba kidonda kikipona barakoa inatoka, lakini timu ikaanza kushinda na kushinda. Machi 1960 kocha akamshawishi acheze mechi moja bila barakoa. Wakafungwa 3-0. Siku iliyofuata mjadala ulikuwa umeisha. Plante akairudisha, Montreal wakashinda mechi nane kati ya nane za mtoano na kubeba kombe.

Hakuwa wa kwanza kabisa. Clint Benedict aliwahi kuvaa ya ngozi mwaka 1930, kwa muda mfupi tu akaiacha. Lakini Plante ndiye aliyeifanya iwe sehemu ya kazi.

Wakati huo, Sawchuk yuko wapi?

Hii ndiyo sehemu inayouma.

Juni 1955, wiki chache tu baada ya kuwapa Detroit ubingwa kwa kumfunga Plante, Sawchuk aliuzwa Boston. Bosi wa Detroit, Jack Adams, alikuwa na kijana mwingine anayekuja, Glenn Hall. Kile kile alichofanyiwa Lumley, naye kikamkuta.

Kilimvunja. Sawchuk alikuwa mtu wa wasiwasi tangu mwanzo. Alipoambiwa na Adams apunguze uzito, alipungua kupita kiasi na mwili haukurudi tena. Usingizi ulikuwa shida. Pombe ikawa dawa yake, na nyumbani mke na watoto ndio waliobeba hasira zake.

Msimu wa 1956-57 akiwa Boston aliugua homa ya tezi. Akapumzika kidogo, akarudi kabla hajapona. Mwili ukagoma, kichwa kikagoma. Januari 1957 akatangaza anaacha. Alikuwa na miaka 27.

Magazeti yakamshukia. Wakamwita mtu wa kukata tamaa. Leo tungesema kijana ana msongo wa mawazo, anahitaji msaada. Wakati ule hakukuwa na neno la heshima kwa hali hiyo. Kipa anayevaa barakoa ni muoga, kipa anayesema nimechoka naye ni muoga.

Msimu uliofuata Detroit wakamrudisha. Alikuwa bado kipa mzuri sana, lakini si yule wa 1952. Mwaka 1962, miaka mitatu baada ya usiku wa Plante, naye akaanza kuvaa barakoa. Makovu mengi yalikuwa yameshaandikwa.

Mzee mmoja wa mwisho

Usidhani hadithi ya Sawchuk ni huzuni tupu. Kuna 1967.

Toronto walikuwa wamemchukua mwaka 1964. Timu ya wazee, kipa mwenzake Johnny Bower ana miaka 42. Sawchuk ana 37, mgongo mbovu, kiwiko kibovu. Machi 1967 alifikisha mechi ya 100 bila kufungwa, idadi ambayo hakuna kipa aliyekuwa ameifikia.

Aprili, nusu fainali na Chicago, mechi ya tano. Bower anatoka, Sawchuk anaingia kipindi cha pili kati ya vitatu. Muda si muda, Bobby Hull, mtu mwenye shuti la kuogopwa kuliko wote, akamchoma begani. Sawchuk akaanguka, kimya. Watu wakajua basi. Akainuka, akakataa kutoka. Katika vipindi viwili aliokoa mashuti 37 na Chicago hawakupata kitu tena. Toronto wakashinda 4-2.

Fainali ikawa na Montreal. Alianza vibaya, akafungwa sita kwenye mechi ya kwanza na sita tena kwenye ya nne. Mechi ya tano na ya sita akafungwa bao moja moja. Mei 2, 1967, Toronto wakashinda 3-1 na kubeba kombe. Hawajalibeba tena tangu siku hiyo.

Huyo ndiye Sawchuk ambaye mashabiki wanamkumbuka wanaposema ni namba moja.

Kisha safari ikawa ya kuhamahama: Los Angeles, Detroit kwa mara ya tatu, halafu New York. Mkewe aliomba talaka mwaka 1969. Watoto walikuwa saba. Februari 1, 1970, alipata mechi yake ya 103 bila kufungwa. Ilikuwa ya mwisho.

Mei ile

Mwishoni mwa Aprili 1970, msimu umeisha, Sawchuk na mwenzake waliyekuwa wamepanga naye nyumba nje ya New York walizozana kuhusu gharama za nyumba hiyo. Walikuwa wamekunywa. Wakashikana, wakaanguka, Sawchuk akaumia ndani ya tumbo. Nyongo ikatolewa, ini likafanyiwa operesheni. Akiwa kitandani alijilaumu mwenyewe na kusema ilikuwa bahati mbaya. Baraza la wazee wa mahakama nalo baadaye likaona hivyo hivyo, hakuna aliyeshtakiwa.

Mei 31, donge la damu likaziba mshipa wa mapafu. Akafariki. Mwaka uliofuata akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo huo bila kusubiri miaka ya kawaida.

Plante? Huyo alikuwa ameshapona lile pigo la St. Louis, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba barakoa ndiyo iliyookoa maisha yake. Msimu wa 1970-71, umri miaka 42, alidakia Toronto na kuongoza ligi nzima kwa wastani wa kufungwa mabao machache. Pale Toronto akamfundisha kijana Bernie Parent, ambaye baadaye alibeba kombe mara mbili na Philadelphia. Akaandika kitabu cha kufundisha makipa. Akaanzisha biashara ya kutengeneza barakoa.

Naye hakuishi maisha laini. Mwaka 1975 alimpoteza mwanawe mdogo, akaacha kucheza moja kwa moja. Alihamia Uswisi na huko ndiko alikofariki kwa saratani, Februari 1986, akiwa na miaka 57.

Haya, nani mkubwa?

Tuweke namba mezani, za ligi ya kawaida:

- Mechi: Sawchuk 971, Plante 837
- Bila kufungwa: Sawchuk 103, Plante 82
- Kombe la Stanley: Plante 6, Sawchuk 4
- Tuzo ya Vezina: Plante 7, Sawchuk 4
- Mchezaji bora wa ligi: Plante mara moja (1962), Sawchuk hajawahi

Rekodi ya Sawchuk ya mechi 103 ilikaa mpaka Desemba 2009, Martin Brodeur alipoipita. Karibu miaka 40.

Ukiniuliza mimi, kama kuna mechi moja ya kufa na kupona na naweza kumchagua kipa wa mwaka wowote, namchukua Sawchuk wa 1952. Sidhani kama kuna aliyewahi kudaka vile.

Lakini nikiulizwa ni nani kati yao aliufanyia mchezo jambo kubwa zaidi, jibu ni Plante, na halihitaji kikokotoo. Kila kipa anayeingia kwenye barafu leo, wa kiume na wa kike, mtoto wa miaka saba na mtu mzima anayelipwa mamilioni, amefunika uso. Hakuna anayemwita muoga.

Wote wawili walikuwa jasiri. Mmoja aliinuka kila alipoangushwa mpaka siku aliyoshindwa kuinuka. Mwingine alisimama mbele ya kocha wake, damu inamtoka, akasema hivi haiwezekani tena. Zama zao zilimpigia makofi wa kwanza na kumcheka wa pili.

Wewe unamchukua nani? Na je, ungemwambia mwanao adake kama yupi?